Digrii Imekwisha, Mafunzo Bado

Asubuhi moja ya masika nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, na kabla sijavua viatu jirani yangu hapa Pasua akapiga hodi. Alisema kichwa kinamgonga na moyo unamwenda mbio. Nilimkalisha kwenye kiti nikampima presha. Ilikuwa juu. Nilipomwuliza kama alilala usiku, akaanza kulia.

"Dada nesi," akasema, "huyu mtoto ataniua."

Mtoto mwenyewe ni binti yake wa pili, ambaye alikuwa amemaliza digrii ya uhandisi wa majengo. Mama huyu huuza ndizi na mboga sokoni. Bodi ya Mikopo ilimsaidia binti, lakini si kwa kila kitu. Nauli, chakula, vitabu na kompyuta vilitoka kwenye mikopo ya kikundi cha akina mama, na mkopo wa mwisho ulikuwa haujalipwa. Siku binti alipovaa joho, sisi majirani tulipiga vigelegele. Tulidhani safari imekwisha. Miezi kumi na minne baadaye binti alikuwa bado nyumbani, akifua, akipika, na kujifungia chumbani.

Ndipo akatokea bwana mmoja anayejenga nyumba ya ghorofa mtaani. Alimtaka binti asimamie ujenzi na kuandika jina lake kwenye karatasi kuwa ndiye mhandisi, kwa shilingi laki nane. Binti akakataa.

"Nimesomesha mhandisi," mama akalia, "leo kazi ya uhandisi imekuja mpaka mlangoni, naye anasema hawezi! Nenda ukaseme naye wewe. Wewe ni msomi, atakusikiliza."

Akina mama wenzangu, nakiri kwamba nilikuwa upande wa mama. Nilijua deni lile. Nilimpa maneno ya kumtuliza, nikamwambia aende hospitali kupimwa vizuri, kisha jioni nikaenda kumwona binti nikiwa nimejiandaa kumkemea.

Alinisalimu shikamoo, akanipa kigoda. Nikaanza kumweleza habari za shida ya mama yake na heshima ya kujishusha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mama mdogo, ulipomaliza chuo cha uuguzi, walikuacha peke yako wodi ya wazazi siku ya kwanza?"

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka miezi yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa na cheti changu cha diploma na sare iliyopigwa pasi, nikajiona nimefika. Usiku mmoja nilimhudumia mama aliyejifungua salama, nikaandika kwamba damu inatoka kwa kawaida. Mkunga mzee aliyekuwa zamu nami alisimama nyuma yangu, akaniambia maneno mawili tu: "Tazama tena." Nilipotazama tena, shuka lote la chini lilikuwa limelowa. Yule mama anaishi hadi leo kwa sababu mtu mwenye uzoefu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mimi bado sijapata wa kusimama nyuma yangu," binti akasema. "Nyumba ile ikipasuka, nani ataniambia nitazame tena?"

SHAHADA NI MLANGO TU

Usiku ule nilirudi nyumbani nimejifunza, na siku zilizofuata nilimwomba anieleze utaratibu wao. Nauandika hapa kwa sababu naona wazazi wengi hatuujui, na kutokujua kwetu kunawaumiza watoto.

Katika nchi yetu mtu hawi mhandisi kamili kwa kuvaa joho. Iko Bodi ya Usajili wa Wahandisi, inayojulikana kwa kifupi ERB. Usajili wa wahandisi ulianza kwa sheria ya mwaka 1968, na Bodi ya sasa iliundwa kwa Sheria Namba 15 ya mwaka 1997. Kijana akitoka chuoni hujiandikisha kwanza kama mhandisi mhitimu. Hapo anaruhusiwa kufanya kazi chini ya uangalizi wa mhandisi aliyekwisha kukubaliwa. Baada ya mafunzo ya vitendo ya miaka isiyopungua mitatu, akiandika taarifa za kazi yake na kupimwa na wakubwa wake, ndipo anapoweza kuomba kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Huyo ndiye anayeweza kuweka jina lake kwenye kazi na kubeba dhamana. Mbele zaidi kuna daraja la mhandisi mshauri.

Mtu anayefanya kazi ya uhandisi au kujiita mhandisi bila kusajiliwa anavunja sheria. Kwa hiyo laki nane za yule bwana hazikuwa mshahara. Zilikuwa bei ya kununulia jina la binti yetu, ili jambo likiharibika awepo wa kulaumiwa.

Zamani shida ilikuwa kwamba wahitimu wengi hawakuwa na mahali pa kupata mafunzo hayo yenye mpango. Ndiyo sababu mwaka 2003 Bodi ilianzisha mpango maalumu wa mafunzo kwa vitendo, maarufu kwa jina la SEAP. Mhitimu huwekwa kwenye kampuni, idara au mradi, akapewa mhandisi mzoefu wa kumlea. Huyo mlezi humtembeza katika kazi za kuchora, kusimamia, kukadiria gharama na kuongoza watu, si kumwacha miaka mitatu akipiga chapa ofisini. Kijana huandika kila anachofanya, na mlezi hutia sahihi. Wapo wanaopata posho ya kujikimu kupitia mpango huo kwa kadiri ya fedha zilizopo, wapo wanaolipwa na mwajiri, na wapo wanaosaidiwa na nyumbani.

CHAMA CHA KUKUTANISHA NA WENZAKE

Tofauti na Bodi, ambayo ni chombo cha sheria, wahandisi wanayo pia Taasisi yao, IET, iliyoanzishwa mwaka 1975. Hiki ni chama cha hiari. Mwanafunzi na mhitimu anaweza kuwa mwanachama, akapanda daraja kadiri anavyokua katika kazi. Huko kuna mikutano, mihadhara, na safari za kwenda kuona madaraja, viwanda na mitambo ya umeme.

Nilipomsikia nilicheka, maana ni sawasawa na sisi. Wauguzi tuna Baraza linalotusajili na kutupa leseni, na tuna chama chetu kinachotukutanisha. Baraza linamlinda mgonjwa asiuguzwe na asiyestahili. Chama kinamlinda muuguzi asibaki peke yake na asidumae. Na kama sisi tunavyotakiwa kujiendeleza ili leseni iendelee, wahandisi nao hutakiwa kuendelea kusoma hata baada ya kusajiliwa, maana vifaa na njia za kujenga hubadilika.

Mzazi anaweza kuona ada ya chama na nauli ya kwenda mkutanoni kuwa fedha za kutupa. Lakini fikiri: kijana aliyefungiwa chumbani Pasua atajulikana na nani? Mlezi wa kazi hapatikani jikoni. Hupatikana pale wahandisi wanapokutana, baada ya mhadhara, kijana anapouliza swali zuri na mzee mmoja akageuka kumtazama.

BABU ZETU WALILIJUA HILI

Wala si jambo geni kwetu wa Kilimanjaro. Kabla hapajakuwa na chuo chochote, Wachagga walikuwa wameichonga mifongo, ile mifereji inayotoa maji kwenye makorongo ya mlima na kuyapeleka kwenye migomba. Maji yale hutambaa ubavuni mwa kilima kwa mteremko mdogo mno hata mgeni hudhani yanapanda. Walichimba na nduwa za kutunzia maji ya usiku ili asubuhi yafunguliwe shambani.

Ujuzi huo haukuandikwa kitabuni. Kijana alimfuata mzee wa mfongo, akabeba jembe, akatazama jinsi maji ya majaribio yalivyopita, akakosea na kurekebishwa. Na kila mfongo ulikuwa na watu wake: siku ya kuuzibua walitoka wote, na asiyetoka alitozwa. Utaona basi kwamba kulelewa na mzoefu na kuwa ndani ya umoja wenye masharti si mambo yaliyoletwa na meli.

KWA NINI WANAKUWA WAKALI

Huenda mama mmoja atasema miaka mitatu ni mingi mno kwa mtoto wa maskini. Nami nilisema hivyo. Lakini tukumbuke Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, tarehe 29 Machi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilipoporomoka na kuua watu 36. Tukumbuke na Kariakoo, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipowafunika wafanyabiashara na wateja wao. Mle walikuwamo akina mama waliotoka nyumbani asubuhi wakisema watarudi jioni.

Muuguzi akikosea anaweza kumpoteza mgonjwa mmoja. Mhandisi akikosea hupoteza waliomo wote, na pengine miaka kumi baada ya yeye kulipwa na kuondoka. Ndiyo maana wahandisi hula kiapo mbele ya wenzao. Binti wa jirani yangu alikuwa hajala kiapo hicho, lakini alikwisha kukishika moyoni. Nasi tulitaka kumvunja kwa sababu ya deni la kikundi.

BINTI ZETU WANAHITAJI ZAIDI

Wanawake katika kazi hii bado ni wachache. Binti anayefika kwenye eneo la ujenzi huweza kukuta hakuna choo cha wanawake, mafundi wanamwita "mtoto mzuri", na msimamizi anamtuma chai. Kwa ajili hiyo wahandisi wanawake wana kitengo chao ndani ya Taasisi, wanafanya kongamano lao, na wengine huwatembelea wasichana shuleni kuwahimiza wasikimbie hesabu na fizikia. Tena kuanzia mwaka 2010 serikali ya Norway ilisaidia kugharimia mafunzo ya wahitimu wa kike katika ule mpango wa Bodi, na wengi walivuka kwa daraja hilo.

Mwambie binti yako awatafute hao dada zake mapema. Kuna maswali ambayo hatamwuliza mlezi wa kiume: nifanye nini nikiwa mjamzito na kazi iko juu ya jukwaa? Nimjibu nini bosi anayenitaka jioni? Aliyepita njia hiyo ndiye anayejua mashimo yake.

MAMA UNAWEZA KUFANYA NINI?

1. Mtoto akiwa bado chuoni, mwulize habari za usajili na uanachama wa wanafunzi. Usingoje joho.

2. Panga fedha za miaka baada ya digrii, hata kidogo. Ada ya kujiandikisha, nauli, buti na kofia ngumu ni sehemu ya masomo yake kama vile kalamu zilivyokuwa.

3. Mtoto akiwa nyumbani bila kazi, usimwite mvivu mbele ya wageni. Nimeona kazini vijana walioletwa wakiwa wamekunywa vitu vya kuwadhuru kwa ajili ya maneno kama hayo. Asipolala, asipokula, asipotaka kusema na mtu, mpeleke hospitali.

4. Usimsukume kuuza sahihi yake. Wala usimfungie milango ya kazi halali iliyo ndogo, kama kusaidia kupima viwanja au kufundisha masomo ya ziada, wakati anatafuta mlezi.

5. Nawe ukijenga nyumba yako, uliza anayeisimamia amesajiliwa wapi. Mama anayedai hivyo kwa nyumba yake anawatafutia kazi watoto wa wenzake waliofuata sheria.

DENI BADO, LAKINI

Mtataka kujua ilikuwaje. Niliporudi kwa jirani yangu sikwenda na maneno mengi. Nilimwambia habari ya shuka na yule mkunga mzee. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi na huyu wangu anatafuta mkunga wake." Hajawahi tena kumlaumu kwa zile laki nane, ingawa najua siku nyingine zinamwuma.

Tulikwenda wawili kwenye kikundi kuomba deni lipangwe upya. Mwenyekiti alitukalia kigumu, lakini wenzetu wakakubali. Binti alijiandikisha kama mhandisi mhitimu, akapata nauli ya kwenda kwenye mkutano wa wahandisi, na huko akakutana na mama mmoja mhandisi aliyemwelekeza kwenye mradi wa barabara. Sasa yuko huko, mbali na mlima, chini ya mlezi. Posho ni ndogo. Mwezi mmoja hutuma elfu thelathini, mwezi mwingine hatumi kitu. Mama yake bado anaamka saa kumi usiku kuwahi ndizi, na kila wiki ya pili anapita kwangu nimpime presha. Imeshuka, kwa dawa na kwa usingizi.

Nyumba ile ya ghorofa inaendelea kupanda. Nimetafuta kibao chenye jina la mhandisi, hakuna. Mimi nikipita pale hupita upande wa pili wa barabara.

Juzi binti alimpigia mama yake simu usiku, nami nikiwapo. Alisema walikuwa wameandaa kila kitu kumwaga zege la kalavati, yeye mwenyewe ndiye aliyekagua nondo, akamwambia mlezi wake kila kitu ni sawa. Mlezi akamwambia atazame tena. Alipotazama tena, nondo nne zilikuwa hazijafungwa.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye furaha, "tumezifunga zote."