Mzigo wa Prosesa na Kasoro za Njia katika Kichanganuzi cha Mawimbi

Kichanganuzi cha mawimbi ya redio kiungwacho kwa waya wa USB hakikamilishi kazi yake peke yake. Chenyewe hupokea mawimbi na kuyageuza kuwa tarakimu. Kuzipambanua tarakimu hizo kwa masafa na kuzichora kiooni ni kazi ya kompyuta. HackRF One, kwa mfano, ikitumiwa kwa upeo wake hutoa sampuli milioni 20 kila sekunde, na kila sampuli ni baiti 2. Hizo ni baiti milioni 40 zipitazo katika njia ya USB 2.0, ambayo hata kwa hesabu tupu haichukui zaidi ya milioni 60.

Basi picha ikikatika-katika, sababu zaweza kuwa mbili, na dalili zake hufanana: ama prosesa imelemewa, ama njia ina kasoro. Namna ya kuzitenga ni kuhifadhi tarakimu katika diski iendayo kasi bila ya kuchora chochote. Zikifika zote, taksiri ni ya prosesa. Yafaa kupunguza kasi ya sampuli na ya uchoraji. Zikipungua hata hivyo, hapana budi kuuchunguza waya: uwe mfupi na mzima, nao uchomekwe katika tundu la kompyuta yenyewe, si katika kigawanyio kitumiwacho na vyombo vingine.

Sampuli zipoteapo, pengo linaloachwa huonekana kiooni kama nguvu iliyotapakaa katika masafa mengi, na mchunguzi asiyetahadhari huandika habari za ishara isiyokuwapo angani.