Sahani, Reli na Daraja: Uchumi wa Parokia ya Sacavém

Mtu apitaye Lisbon siku ya Jumanne au Jumamosi, akapanda mpaka uwanja wa Santa Clara penye gulio la vitu vikuukuu liitwalo Feira da Ladra, hakosi kuona, baina ya vitasa vilivyoota kutu na picha za maarusi ambao jamaa zao hawajulikani tena, sahani nyeupe zenye nakshi ya farasi. Na akizipindua kutazama mgongoni ataona mhuri wa jina moja, Sacavém. Wenyeji huita nakshi hiyo Cavalinho, yaani farasi mdogo, na wauzaji huzitanguliza mbele ya bidhaa zao kwa kuwa wajua kwamba mahali zilipofinyangwa hapafinyangwi tena. Wareno walituachia sisi watu wa mwambao neno meza, wasituambie vyombo vya juu ya meza hiyo vilitoka wapi; basi habari hiyo yatupasa kuifuata wenyewe.

Sacavém ni parokia iliyo kaskazini mashariki ya Lisbon, katika wilaya ya Loures, pale mto Trancão unapoingia katika mto mkubwa wa Tejo. Nisemapo parokia msomaji asidhani kwamba nazungumza habari za kanisa na mapadri tu: kwa Wareno freguesia, ambayo usuli wake ni jumuiya ya waumini wa kanisa moja, imekuwa tangu karne ya 19 daraja ya chini kabisa ya utawala, yenye baraza lililochaguliwa kwa kura, na kazi zake aghalabu ni zile ndogo ndogo ambazo watu huzikumbuka zisipofanywa. Mwaka 1997 Sacavém ilipewa cheo cha mji, na mwaka 2011 wakazi wake walihesabiwa kuwa zaidi ya 18,000. Cheo kiliwafurahisha, ingawa kilipokuja, kile kilichowalisha baba na babu zao kilikuwa kimekwisha fungwa miaka mitatu nyuma.

Nakusudia kiwanda cha vyombo vya udongo. Tarehe 28 Oktoba 1856 gari moshi la kwanza la Ureno lilitoka Lisbon kwenda Carregado, likapita Sacavém, na katika mwaka uo huo Manuel Joaquim Afonso alianzisha kiwanda chake. Mfinyanzi mwenye tanuri baina ya reli na mto ana nini cha kuomba zaidi? Udongo na makaa, ambavyo ni vizito na havina haraka, huja kwa maji kwa ujira mdogo. Vyombo, ambavyo ni vyepesi kuvunjika, huondoka kwa reli isiyotikisa kama mkokoteni. Haikupita miaka mingi kiwanda kikaangukia mikononi mwa Mwingereza, John Stott Howorth, aliyeleta mtaji na maarifa ya kwao ya kufanya vyombo vyeupe vilivyofanana na kaure kwa bei ambayo mke wa karani aliimudu, naye akapewa cheo cha baroni na kiwanda kikaruhusiwa kujiita cha kifalme.

Siri ya bei hiyo ilikuwa katika nakshi. Fundi hakumchora farasi kwa brashi katika kila sahani, bali picha ilichorwa mara moja tu kwa chuma chenye ncha juu ya bamba la shaba, bamba likapakwa wino, wino ukahamishiwa katika karatasi nyembamba, na karatasi ikabandikwa juu ya sahani iliyokwisha chomwa mara ya kwanza, ikasuguliwa, kisha ikaoshwa kwa maji, farasi akabaki. Baada ya hapo sahani ilitiwa dawa ya kung'aa ikarudishwa motoni. Tanuri lilikuwa na umbo la chupa, pana chini na jembamba juu, na ndani yake vyombo vilipangwa vikiwa vimefichwa katika makasha ya udongo mgumu ili moshi na majivu visivichafue. Pamoja na sahani zilitoka vigae vya kutani, mabeseni na vyombo vya msalani, hata ikawa nyumba nyingi za Ureno hazikukosa kitu cha Sacavém, kama si jikoni basi chooni.

Kiwanda hicho, ambacho baada ya Howorth kilishikwa na akina Gilman na Gilbert, kilitangazwa kufilisika mwaka 1994. Zipo sababu ambazo kila mwenye kiwanda cha aina hiyo katika Ulaya ya kusini huzitaja: mishahara iliyopanda baada ya mapinduzi ya mwaka 1974, soko lililofunguliwa Ureno ilipoingia katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986, na bidhaa za nje zilizo rahisi. Mimi naongeza moja, ambayo ni kwamba ardhi iliyo karibu na mji mkuu hufika siku ikawa na thamani kuliko kazi ifanywayo juu yake. Sehemu kubwa ya kiwanja cha wafinyanzi ni maghorofa leo. Lilisazwa tanuri namba 18, likajengewa jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2000, na mgeni huingia akasimama mbele ya matofali yaliyoungua bila ya kusikia joto.

Kabla hata kiwanda hakijafungwa, serikali ilikuwa ikitafuta mahali pa maonyesho ya dunia ya mwaka 1998. Pwani ya Tejo, kutoka Lisbon hadi mdomo wa Trancão, ilikuwa uchafu mtupu: matangi ya mafuta, machinjio, jaa la taka, na Trancão wenyewe ulihesabiwa miongoni mwa mito michafu kabisa ya Ulaya, ukinuka kiasi cha abiria wa gari moshi kufunga madirisha. Shirika la serikali lilikabidhiwa hekta zipatazo 340, lisafishe, lijenge, kisha lijilipe kwa kuuza viwanja. Na juu ya vichwa vya watu wa Sacavém likapita daraja la Vasco da Gama, lenye urefu wa kilomita 17 pamoja na njia zake za kuingilia, lililofunguliwa Machi 1998, miaka 500 tangu nahodha huyo alipotia nanga Malindi akielekea India. Kabla ya magari kuruhusiwa, watu wapatao 15,000 waliandaliwa karamu ya maharage juu yake. Kampuni ya Lusoponte, iliyolijenga kwa mtaji wa wafanyabiashara na msaada wa fedha za Ulaya, hutoza ushuru kwa anayekuja upande wa Lisbon tu. Atokaye hupita bure.

Hapa ndipo wenyeji walipata la kunung'unikia. Sheria ya mwaka 2012 iliunda parokia mpya ya Parque das Nações chini ya Lisbon, ikameguliwa ardhi ya Moscavide na Sacavém, nayo ni ile ile iliyosafishwa, yenye majumba ya thamani na kodi yake. Mwaka uliofuata Sacavém iliunganishwa na jirani yake Prior Velho, yenye mabohari na ofisi kando ya uwanja wa ndege.

Uko mtaa mmoja katika parokia hiyo ambao haukuombwa na yeyote. Quinta do Mocho ulianza kwa majumba ambayo mjenzi aliyaacha bila ya madirisha wala maji, wakahamia humo watu wa Angola, Guinea-Bissau, Cape Verde na São Tomé, wengi wao wakiwa ndio waliobeba zege la Lisbon mpya. Baadaye wakajengewa nyumba nyingine hapo karibu. Kwa miaka mingi dereva wa teksi akisikia jina la mtaa alitikisa kichwa. Tangu mwaka 2014 wachoraji wamezijaza kuta za maghorofa picha kubwa, zaidi ya 100 sasa, na wakazi wenyewe huwatembeza wageni wakiwaeleza kila sura. Wageni hupiga picha wakaenda zao. Alfajiri, chini ya sura hizo na nguo zilizoanikwa madirishani, wanawake huteremka kungoja basi la kuwapeleka mjini kufagia ofisi, ambazo zitafunguliwa wao wakiwa wamekwisha ondoka.