Mkonge la zamani au Prado jipya? Mkulima ahesabu kilomita kwanza

MAZAO yakishauzwa na fedha zikishaingia benki, wazo la kununua gari huwa haliko mbali. Kwa mkulima wa kahawa wa Mbinga, wa mboga wa Lushoto au wa vitunguu saumu wa Mbulu, gari linalotajwa kwanza ni lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Barabara ya kutoka shambani hadi kwenye lami haina huruma na gari dogo, hasa mvua zikianza.

Ubishi huanzia hapo. Wazee na mafundi wengi humshauri achukue Toyota Land Cruiser ya zamani, ile ambayo Watanzania wameibandika jina la Mkonge. Madalali wa magari na vijana wa nyumbani humwonyesha Land Cruiser Prado ya miaka ya karibuni, yenye viti laini, kiyoyozi na gia zinazojibadilisha zenyewe. Kila upande una methali yake. Mmoja unasema usiache mbachao kwa msala upitao, mwingine unajibu kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda.

Methali hizo hazilipi deni la gereji. Mnunuzi anayelinganisha bei za kununulia peke yake huwa ameona kipande kidogo tu cha gharama. Gari la kazi, sawa na trekta au pampu ya maji, linapaswa kupimwa kwa gharama yake ya mwaka mzima na kwa siku ambazo litakuwa tayari kufanya kazi.

Tofauti iko wapi

Mkonge ni jina la magari ya toleo la 70, ambayo Toyota ilianza kuyauza mwaka 1984 na bado inayaunda. Injini inayojulikana zaidi katika magari haya hapa nchini ni 1HZ ya dizeli, yenye lita 4.2 na silinda sita, iliyoanza kutumika mwaka 1990. Haina turbo, na dizeli yake husukumwa na pampu inayoendeshwa na injini yenyewe bila kompyuta kuingilia. Gia ni za kubadili kwa mkono. Springi za nyuma ni mapande ya chuma yaliyobebana, ambayo fundi wa mji mdogo anaweza kuyafungua na kubadilisha pande moja lililovunjika.

Prado ya toleo la 150 ilitoka mwaka 2009. Nayo imejengwa juu ya chesisi, jambo linaloipa uimara kwenye barabara mbovu, lakini kila gurudumu la mbele lina mfumo wake wa springi na injini yake husimamiwa na kompyuta. Kompyuta hiyo hupokea taarifa kutoka kwa vifaa vidogo vya umeme ambavyo mafundi huviita sensa. Kimoja kikifa, gari linaweza kupoteza nguvu au kukataa kuwaka ingawa injini yenyewe ni nzima. Fundi asiye na mashine ya kupimia huweza kubadilisha vipuri vitatu kabla ya kukigusa kile chenye tatizo, na gharama ni ya mwenye gari.

Mnunuzi wa Prado za dizeli za lita 2.8, zilizoanza kuuzwa mwaka 2015, anapaswa kuuliza jambo moja zaidi. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zina chujio la masizi kwenye ekzosi pamoja na tangi dogo la kimiminika kiitwacho AdBlue, ambacho hupunguza sumu katika moshi. Chujio hilo hujisafisha kwa joto gari linapokwenda mwendo mrefu. Gari linalozunguka shambani na sokoni kwa safari fupi fupi halipati joto la kutosha, hivyo chujio huziba mapema. AdBlue nayo ikiisha, gari likizimwa linaweza kugoma kuwaka tena hadi tangi lijazwe. Kabla ya kulipa, mkulima ajue duka lililo karibu naye linalouza bidhaa hiyo.

Land Rover nayo imepita njia hiyo hiyo. Defender ya zamani, inayofahamika sana kwa wakazi wa Arusha na Karatu, iliacha kuundwa kule Solihull, Uingereza, Januari 2016. Defender mpya iliyozinduliwa mwaka 2019 huundwa Nitra, Slovakia. Haina chesisi ya peke yake, kwani bodi nzima ndiyo inayobeba mzigo, na mifumo yake mingi hutegemea kompyuta. Jina ni lile lile, lakini fundi aliyezoea la kwanza hawezi kulishika la pili kwa ujuzi huo huo.

Hesabu ya mwaka mmoja

Chukua mfano wa wanunuzi wawili. Tarakimu zinazofuata ni za kuonyesha njia ya kukokotoa tu, na kila mkulima aziweke zake.

Wa kwanza ananunua Mkonge kwa Sh35 milioni, wa pili Prado kwa Sh75 milioni. Kwa kuwa Mkonge limeshazeeka, kila mwaka bei yake inashuka kwa Sh2 milioni tu. Prado inashuka kwa Sh6 milioni. Aidha, fedha iliyolala kwenye gari ingeweza kuzaa kwingineko, katika mbolea, miche au amana ya benki. Ikikadiriwa kwamba ingezaa asilimia 10 kwa mwaka, Mkonge linamnyima mwenyewe Sh3.5 milioni na Prado Sh7.5 milioni. Kwa hiyo, hata kabla ya kuwashwa, Mkonge linagharimu Sh5.5 milioni kwa mwaka na Prado Sh13.5 milioni. Tofauti ni Sh8 milioni. Aliyekopa benki aweke riba anayolipa badala ya hiyo asilimia 10, na tofauti itapanuka zaidi.

Sasa magari yatembee. Mkonge linakwenda kilomita 7 kwa lita moja ya dizeli na Prado kilomita 10. Dizeli ikiwa Sh3,000 kwa lita, Mkonge linakula takriban Sh429 kwa kilomita na Prado Sh300. Matengenezo yakiwa Sh400 kwa kilomita kwa gari kuukuu na Sh200 kwa lile jipya, Mkonge linagharimu Sh829 kwa kila kilomita na Prado Sh500. Hapa Prado inaokoa Sh329 kila kilomita.

Ukigawanya ile tofauti ya Sh8 milioni kwa Sh329, unapata kilomita 24,300 hivi. Huo ndio mpaka. Anayetembea kilomita 10,000 kwa mwaka atatumia Sh13.8 milioni akiwa na Mkonge na Sh18.5 milioni akiwa na Prado. Anayetembea kilomita 30,000 atatumia Sh30.4 milioni kwa Mkonge na Sh28.5 milioni kwa Prado. Magari ni yale yale, lakini jibu limegeuka kwa sababu ya kilomita.

Wakulima wengi hawajui wanatembea kilomita ngapi kwa mwaka. Njia rahisi ni kuandika safari za mwezi mmoja wa msimu na mwezi mmoja wa kawaida, kisha kukadiria mwaka. Anayetoka kijijini kwenda mjini kilomita 40, kwenda na kurudi mara mbili kwa wiki, anatimiza kilomita 8,320 tu kwa mwaka. Mfanyabiashara wa mazao anayezunguka minada na kufuata wateja Dar es Salaam kila wiki huupita mpaka huo bila shida.

Siku za kulala

Gari linalokwama gereji katikati ya mavuno lina gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Mboga haziwezi kungoja, na vibarua walioahidiwa usafiri huenda kwa mwajiri mwingine. Gharama hiyo inaweza kukadiriwa kwa bei ya kukodi gari jingine. Ikiwa kukodi ni Sh200,000 kwa siku, siku 20 za kusubiri kipuri ni Sh4 milioni.

Katika mfano huu, Prado ikilala siku 20 kwa mwaka kuliko Mkonge, mpaka unapanda kutoka kilomita 24,300 hadi zaidi ya 36,000. Mkonge likiwa ndilo linalolala siku 20 zaidi, mpaka unashuka hadi kilomita 12,000 hivi. Kwa sababu hiyo, swali la nani atatengeneza gari lina uzito sawa na swali la bei.

Mkulima afike kwenye gereji atakayoitumia kabla hajanunua. Aulize kama fundi ana mashine ya kupimia magari ya kompyuta, ameshatengeneza magari mangapi ya aina hiyo, na vipuri vyake huchukua siku ngapi kufika kutoka Kariakoo. Fundi akijibu kwa kusitasita, hilo nalo ni jibu.

Hata hivyo, sifa za gari la zamani zisitiwe chumvi. Gari rahisi kutengeneza halina maana ya gari lisiloharibika. Mkonge lililopita mikono mitano na kubebeshwa mizigo kupita kiasi linaweza kulala gereji kuliko Prado iliyotunzwa.

Mafuta na kodi

Ubora wa mafuta ulikuwa sababu kubwa ya watu wa vijijini kukimbia injini za kisasa. Mchezo wa kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, ambao wananchi waliuita uchakachuaji, ulipunguzwa makali mwaka 2011 pale Serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa, na mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa kidogo. Hali ni nafuu kuliko zamani, lakini dizeli ya kununua kwenye madumu njiani bado ni adui wa injini ya kompyuta, kwa sababu nozeli zake zina matundu madogo mno na maji au uchafu kidogo huziharibu.

Kuhusu kodi, Tanzania haizuii gari la zamani kuingia, lakini huliongezea ushuru wa uchakavu likishapita umri uliowekwa. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Anayetaka kuagiza kutoka Japani atumie kikokotoo cha kodi kilichopo kwenye tovuti ya TRA kabla ya kutuma fedha, kwani viwango hubadilika na bajeti ya kila mwaka. Anayenunua gari lililokwishasajiliwa nchini hahusiki na ushuru huo, ila ahakikishe umiliki unahamishwa kwa jina lake.

Ikumbukwe pia kwamba ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa Tanzania mwaka 2017 na ushuru wa mafuta ukaongezwa. Tangu hapo gari linalokunywa mafuta mengi ndilo linalochangia zaidi, liwe jipya au kuukuu.

Kukagua kabla ya kulipa

Kwa Mkonge, ukaguzi uanzie chini. Chesisi iliyopasuka ikachomelewa na kupakwa rangi nyeusi ni alama ya gari lililobebeshwa kupita uwezo wake. Injini iwashwe ikiwa baridi. Moshi wa bluu unaashiria oili inaungua ndani, na moshi mweusi mzito unaonyesha dizeli nyingi kuliko hewa, pengine kwa nozeli kuchoka au chujio la hewa kuziba. Gari lijaribiwe kwenye mlima, likiwa linavuta kwa magurudumu yote manne na likiwa kwenye gia nzito. Namba ya chesisi ilingane na ile ya kwenye kadi.

Kwa Prado, gari lipimwe kwa kompyuta na fundi wa mnunuzi, si wa muuzaji. Taa zote za onyo kwenye dashibodi ziwake ufunguo unapowashwa na kuzimika injini inapowaka. Taa isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa ili kuficha ubovu. Kumbukumbu za matengenezo zisomwe, na mabadiliko ya oili ya giaboksi yaulizwe.

Yasiyoingia kwenye hesabu

Usalama hauna safu katika jedwali la gharama. Magari marefu hupinduka kwa urahisi kuliko magari ya chini, na yale ya zamani mengi hayana mifuko ya hewa wala breki zinazozuia matairi kusereka. Familia inayosafiri mara kwa mara kwenye barabara kuu usiku au wakati wa mvua ina sababu nzuri ya kulipia gari jipya hata kama kilomita hazijafika mpaka.

Kwa upande mwingine, wapo wasiohitaji hata moja kati ya magari haya. Mkulima ambaye kazi yake kubwa ni kutoa magunia shambani mara mbili kwa mwaka atalipa kidogo zaidi akikodi Canter au Fuso kwa siku hizo, na kubaki na pikipiki kwa safari nyingine. Kwa tarakimu za mfano ule, Mkonge lingemgharimu Sh5.5 milioni kwa mwaka kwa kusimama uani tu.

Kwa mkulima anayeishi mbali na gereji za kisasa, anayetembea kilomita chache kwenye njia mbovu, Mkonge lililokaguliwa vizuri linabaki kuwa chaguo la akiba. Kwa mfanyabiashara anayeishi barabarani na mwenye fundi wa kompyuta mjini kwake, Prado itarudisha fedha yake. Aliye katikati aandike kilomita zake kwa miezi miwili kabla ya kukutana na dalali yeyote, na asikubali fedha ya mbolea ya msimu ujao igeuke rangi ya gari.