Usitoe ile tanki ndogo: petrole, hewa na turbini ya ndege ndogo



Mdogo wetu mmoja wa politekniki aliniandikia inbox. Yeye na wenzake wanatengeneza ndege ndogo ya kuongozwa na rimoti, ile yenye turbini ya kweli. Wanatafuta kupunguza uzito, na jicho lao limeanguka kwenye ile tanki ndogo inayokaa kati ya tanki kubwa na pompa. "Yaya, tanki kubwa si inatosha?"

Miye ni mtu wa agronomia, si wa aeronotiki. Lakini hobi hii naifuata tangu zamani, na jibu lake linapitia mu udongo, kazi yangu.

Kwanza tuelewe moto wenyewe. Motopompi ya esansi ikimeza hewa kidogo, inakohoa tu: kabureta ina akiba yake, na bugi inapiga moto kila mara. Turbini haiko hivyo. Kiwashio chake kinafanya kazi wakati wa kuanzisha tu, kisha moto unajilisha wenyewe. Turbini ya newtoni 100 hivi inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na inakunywa kati ya mililita 300 na 400 za petrole (ya taa, si esansi) katika dakika hiyo, ikisukuma kwa nguvu yote. Piga hesabu: ndani ya tiyo yenye tundu la milimita 4, kiputo cha hewa cha sentimita 5 ni karibu sehemu ya kumi ya sekunde bila mafuta. Hiyo inaweza kutosha kuzima moto. Hapo una kitu cha kilo 10 au zaidi, chenye mbio, kisicho na moteri, na watu wako chini. Na turbini yenyewe inalipiwa maelfu ya dola.

Sasa hewa inatoka wapi? Inatoka mu tanki kubwa, na ni lazima iwe humo. Petrole ikipungua, hewa inaingia kupitia tiyo ya kupumulia. Ukiiziba hiyo, tanki inajikunja na pompa inavuta bure. Ndege ikipinduka, petrole na hewa vinachanganyika kama maziwa ndani ya kibuyu. Kichwa kizito cha tiyo ya kuvuta kinafuata petrole inakokwenda, lakini kuna wakati kinachelewa. Kiputo kimoja kitapita.

Tanki ndogo iko pale kukikamata kiputo hicho. Inajazwa kabisa, bila hewa, na ndani yake tiyo ya kuvuta imefungiwa mu kamfuko ka kitambaa cha matundu madogo sana.

Wale tuliosoma naye fizikia ya udongo mnakumbuka tensiometri? Ile tiyo yenye kichwa cha udongo wa kuchomwa. Tundu zake zikilowa, maji yanapita lakini hewa inabaki nje, hata ukivuta hadi karibu kilopaskali 80, juu maji yameshika kuta za kila katundu. Kamfuko kanafanya vilevile na petrole. Sehemu inayogusa petrole inapitisha. Sehemu inayogusa hewa inabaki imejifunga. Njo maana kiputo kinabaki juu ya tanki ndogo kikielea, na turbini haijui kitu.

Lakini msizidishe imani. Tundu za kitambaa ni kubwa kuliko za kichwa kile, na mvuto wa uso wa petrole ni karibu theluthi moja tu ya ule wa maji. Pompa ikivuta kwa nguvu, hewa itapenya. Kwa hiyo upande wa kuvuta uwe na tiyo pana, fupi, bila kona kali, na pompa ikae karibu. Chujio dogo la kubana mliweke baada ya pompa. Na msitumie tiyo ya silikoni: petrole inaivimbisha na kuilegeza.

Nimeona mchoro wao: tanki mbili kubwa, moja kila ubavu, zimeunganishwa kwa kiungo cha T. Hapo sikubali. Moja ikiisha mbele ya nyingine, pompa itavuta hewa kutoka ile tupu, juu hewa ni nyepesi kuvutwa kuliko petrole. Waziunganishe kwa mfuatano: ya kwanza imwage mu ya pili, ya pili mu ile ndogo. Zote zikae karibu na kitovu cha uzito, maana lita 3 za petrole ni kilo 2.4 hivi, na pua isiinuke wala kushuka kadiri zinavyoisha.

Kuhusu uzito waliotaka kupunguza: tanki ndogo ya mililita 120, ikijaa, haifiki gramu 200. Wazitafute gramu hizo kwenye rangi.

Kisha kila ndege inapotua, watazame tanki ndogo kwenye jua. Kiputo kikizidi kukua safari kwa safari wakati petrole bado imebaki mu tanki kubwa, kuna kiungo kinachovuja upande wa kuvuta. Wasitafute unyevu hapo. Tiyo inayovuta haidondoshi petrole. Inaingiza hewa, nayo inabaki kavu kabisa.