Komandoo wa msituni alinaswa jalalani! Ngara na Biharamulo wanajua kwa nini

MJUZI wa msitu alinaswa jalalani. Usicheke msomaji wangu, ni kweli tupu.

Jamaa anaitwa Eric Rudolph, Mmarekani. Alipata kuwa askari jeshini kwao, na msitu aliujua kama wewe unavyoujua uchochoro wa nyumbani kwenu. Julai 1996 alilipua bomu kwenye bustani ya Olimpiki mjini Atlanta, watu zaidi ya mia wakajeruhiwa. Baadaye akalipua na mengine. Mwanzoni mwa mwaka 1998, alipoona ameshajulikana, akabeba vyakula vyake na kutokomea kwenye milima ya North Carolina.

Makachero wa FBI walimsaka kwa mbwa na helikopta, wakatangaza donge nono la dola milioni moja. Wapi! Jamaa alimaliza miaka mitano huko huko.

Kisha usiku mmoja kuelekea alfajiri, Mei 31, 2003, polisi kijana wa doria, umri miaka 21 tu, akamkuta nyuma ya duka la vyakula katika mji mdogo wa Murphy. Alikuwa anapekua pipa la taka atafute cha kula. Mafunzo ya jeshi, maficho, ujanja wote, vikaishia kwenye makombo ya watu wengine.

Nakupa kisa hiki kwa sababu siku hizi vijana wetu wengi, wakishaangalia filamu mbili tatu kwenye simu, wanaamini mwanaume kamili ni yule anayeweza kuishi peke yake porini na kisu kiunoni. Eti huko ndiko kujiandaa na siku mbaya. Haya, tuone.

MFUKO WA SAA 72

Rudolph hakuota kama uyoga. Miaka ya 1990 Marekani iliingiwa na homa ya makundi ya raia wenye silaha. Mwaka 1994 pekee yalizaliwa makundi mawili yaliyovuma sana, moja jimbo la Montana na jingine Michigan.

Chachu yake ilikuwa damu. Agosti 1992, pale Ruby Ridge jimboni Idaho, askari wa serikali walizingira nyumba ya Randy Weaver. Mkewe, mtoto wake wa kiume na askari mmoja wakauawa. Kisha Aprili 19, 1993, kule Waco, Texas, moto uliteketeza zaidi ya wafuasi 70 wa David Koresh baada ya kuzingirwa kwa siku 51.

Basi bwana, watu wakaapa kwamba serikali inakuja kuwanyang'anya bunduki, kwa hiyo dawa ni kukimbilia msituni. Wakahifadhi ngano na maharage kwenye mapipa. Wakafukia silaha ardhini. Wakajifunza kutega wanyama, kuchuja maji ya mto na kutembea bila kuacha nyayo. Kila mmoja akawa na begi karibu na mlango, la kumtosha saa 72: chakula, maji, dawa, kiberiti, redio, kisu.

Aprili 19, 1995, miaka miwili kamili baada ya Waco, Timothy McVeigh, aliyekuwa amelewa chuki hiyo hiyo, alilipua jengo la serikali Oklahoma City. Watu 168 walikufa, 19 kati yao watoto.

Tuseme haki: si kila mwenye begi ni muuaji. Wengi waliogopa vimbunga, na wengine waliogopa kwamba kompyuta zingegoma usiku wa kuamkia Januari 1, 2000. Begi si dhambi. Kinachonitatiza ni kile anachokiona mwenye begi akifumba macho na kuiwazia hiyo siku mbaya. Anamwona jirani yake, anakuja kumpora maharage! Kwa hiyo anajiandaa kumkimbia au kumpiga risasi.

Kwetu Kagera siku mbaya si ya kuwaziwa. Ilishakuja, tena kwa miguu.

DARAJA LILIPOFURIKA WATU

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na Warundi kwa malaki wakakimbilia kwetu. Aprili 6, 1994 ndege iliyowabeba marais wa Rwanda na Burundi, wakitoka Dar es Salaam, ilitunguliwa Kigali, na mauaji ya kimbari yakaanza Rwanda. Miili ya watu ikaelea Mto Kagera hadi Ziwa Victoria.

Halafu ikafika Aprili 28. Katika muda wa kama siku moja tu, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Hao ni wengi kuliko wakazi wote wa wilaya waliohesabiwa kwenye sensa ya 1988! Mbele ya askari wetu mapanga yalirundikwa chini kama kuni, maana katika umati ule walikuwemo wanaokimbia kufa na walikuwemo waliotoka kuua.

Walibeba nini? Sufuria, mkeka, dumu la maji, kifuko cha maharage, mtoto mgongoni. Mfuko wa saa 72 wa Kiafrika huo, ila haukufungwa na mtu mwenye nafasi ya kuchagua.

Walipelekwa Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara. Hapo ndipo penye somo. Mashirika ya misaada yalikuwa tayari Ngara kwa ajili ya wale Warundi wa 1993. Watumishi walikuwepo, chakula na maturubai vilikuwepo ghalani, na Benaco ilikuwa na maji ya bwawa. Watu walikufa, ndiyo, kuhara damu hakukuwaacha. Lakini linganisha na Goma, Zaire, miezi mitatu baadaye. Huko watu kama laki nane waliingia ndani ya siku chache, juu ya mwamba wa volkano ambao jembe haliwezi kuchimba choo. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu.

Umeona? Goma kilichofyeka watu ni maji machafu. Na Benaco kilichookoa watu hakikuwa kisu cha komandoo. Ni maji, vyoo, ghala, na watu waliokwishajipanga kabla.

Wenyeji nao walilipa bei. Miti ilikatwa, mashamba yalivunwa na wasioyalima, wanyama wa mapori ya Burigi na Biharamulo waliwindwa vibaya. Lakini Kihangaza ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda, kwa hiyo angalau walisikilizana. Kuelewana na anayebisha hodi usiku ni ujuzi mkubwa, na hakuna begi linaloubeba.

PORI HALIFICHI TUMBO

"Lakini ndugu mwandishi, si bora mtu ujifiche tu porini?" Wako watakaouliza hivyo.

Desemba 1996 serikali yetu na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, walitangaza kwamba wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi waliogopa kurudi. Kuanzia Desemba 12 maelfu kwa maelfu walizihama kambi, wakageuzia Rwanda kisogo na kuingia ndani zaidi ya Tanzania. Vizee, wajawazito, watoto, wote njiani na mizigo kichwani. Wanajeshi wakawazuia na kuwageuza, na kabla mwaka haujaisha karibu nusu milioni walikuwa wamevuka Rusumo kurudi. Wapo hadi leo wanaobishana kama ilikuwa haki kuwarudisha vile. Lakini kwamba pori lisingeweza kuwaficha na kuwalisha, hilo halina ubishi.

Waliolijaribu pori kwa muda mrefu ni majambazi. Silaha za vita vya jirani zilivuka mpaka, na kwa miaka mingi barabara za mapori ya Biharamulo zikawa noma. Mabasi yalisubiriana, yakaondoka kwa msafara, askari na bunduki zao ndani. Abiria naye alikuwa na maandalizi yake: noti kwenye soksi, na sala mdomoni.

Sasa fikiri kidogo. Kwa nini jambazi alitoka porini kuja barabarani? Kwa sababu porini hakuna unga, hakuna chumvi, hakuna sabuni, hakuna betri. Ndiyo sababu ile ile iliyomtoa Rudolph milimani. Pori linaficha kichwa, haliwezi kuficha tumbo.

MGAMBO WAO, MGAMBO WETU

Magazeti yetu huwaita wale Wamarekani "wanamgambo". Neno limekaa vizuri mdomoni, ila linachanganya.

Mgambo wetu wa miaka ya 1970 alifundishwa na serikali ili ailinde nchi, na Idi Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa 1978, mgambo walikwenda vitani pamoja na wanajeshi. Mgambo wao anajifundisha ili apigane na serikali yake mwenyewe.

Tuna na sungusungu, walioanzia Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kukomesha wezi wa ng'ombe, na sheria ikawatambua mwaka 1989. Nao si malaika. Wapo watuhumiwa waliopigwa bila hata kusikilizwa, na hilo ni doa. Ila msingi wao ni yowe. Likipigwa, wote wanatoka. Mtu anayejificha peke yake hawezi kupiga yowe, maana hakuna wa kuitika.

ADUI ASIYEPIGWA RISASI

Kama unadhani haya ni ya kale, Biharamulo wenyewe wanakumbuka ya juzi. Januari 20, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umethibitika wilayani humo. Hadi ulipotangazwa kwisha Machi 13, 2025, wagonjwa wawili walithibitishwa na wengine wanane walihesabiwa kuwa yamkini waliugua. Wote kumi walikufa.

Marburg unapita kwenye majimaji ya mwili. Unampata anayemuuguza mgonjwa, unampata anayeosha maiti. Yaani unapita pale pale penye upendo. Hapo bunduki itamlenga nani? Kinachotakiwa ni mtu kusema mapema "nyumbani kuna mgonjwa", jirani asikimbie wala asinyanyapae, na mganga wa zahanati aaminiwe kuliko uvumi.

MFUKO WAKO UWEKE NINI

Haya, nisije nikaambiwa napiga domo tu. Wewe wa mpakani, wa kando ya ziwa, hata wa Dar bondeni ambako mafuriko hayabishi hodi, funga kimfuko chako. Tena bei poa:

Dumu safi lenye kifuniko. Usinywe maji usiyoyachemsha au kuyatia dawa.

Sabuni. Imeokoa wengi kuliko risasi.

Chumvi na sukari. Mtu akiharisha, lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vipimo vya msawazo bila kilima. Anywe kidogo kidogo wakati anapelekwa zahanati.

Kiberiti na tochi, ndani ya mfuko wa nailoni visilowe.

Kadi za kliniki za watoto, vitambulisho na dawa za anayetumia kila siku. Mkimbizi asiye na karatasi anaanza maisha upya mara mbili.

Namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi. Chaji ikiisha, kichwa nacho husahau. Andika na 199, ya Wizara ya Afya, haina malipo.

Na kilicho muhimu kuliko vyote hakiingii kwenye mfuko: majina ya majirani zako kumi. Nani ana baiskeli au pikipiki? Nani mjamzito? Bibi gani anaishi peke yake na hawezi kutembea? Kama huna majibu, hujajiandaa, hata ukiwa na visu vinne na viatu vya jeshi.

Leo Benaco ni kituo cha malori yanayokwenda Rwanda. Madereva wanakula nyama choma na kuendelea na safari, na wengi hawajui wamekaa juu ya kitu gani. Wewe sasa unajua.

Kwa hiyo kijana, kabla hujaenda kufukia debe la maharage porini, pita kwanza kwa jirani. Mpe hata bakuli moja. Siku likilia yowe, huyo ndiye atakayejua mlango wako uko wapi.

Tuonane wiki ijayo.