Usinunue kumbukumbu kwa kuhesabu giga

Wasikilizaji wangu, juma hili nazungumzia kitu chenye urefu wa sentimeta 13 hivi, ambacho nusura kimlie mpwa wangu kodi ya fremu.

Binti huyo ana duka la steshenari Mbagala, hapa Dar es Salaam. Anachapa barua, anatoa fotokopi na kuwajazia watu fomu za maombi kwenye intaneti. Kompyuta yake ni ya mtumba, HP EliteDesk 800 G1, yenye kumbukumbu ya giga 4. Ilikuwa imeanza kuelemewa: mteja amesimama, fomu haifunguki, mteja anahamia duka la jirani. Jirani naye ana EliteDesk 800 G2, ameiongezea kipande cha giga 8 na sasa inakwenda mbio. Mpwa wangu akaona jina ni lile lile, akachukua fedha aliyoiweka kwa kodi, akaenda Kariakoo kuulizia kumbukumbu ya giga 8. Akauziwa. Kufika dukani, kipande kikagoma kuingia. Aliponipigia simu alikuwa ameshakibonyeza mara tatu.

"Mjomba, nigonge kidogo?"

La hasha! Nikamwambia akiweke mezani na asikiguse.

Jambo lenyewe ni hili. Kumbukumbu hizi, ambazo mafundi huziita RAM, zina vizazi. DDR3 ilianza kuuzwa mwaka 2007, DDR4 mwaka 2014, na kanuni za DDR5 zikatolewa mwaka 2020. Kwa macho zinafanana, na urefu ni ule ule. Lakini kipande cha DDR3 cha kompyuta ya mezani kina vijino 240 na umeme wake ni volti 1.5, wakati cha DDR4 kina vijino 288 na hutumia volti 1.2. Kwenye safu ya vijino hivyo kuna pengo dogo, na kila kizazi pengo lake limewekwa mahali pake. Pengo hilo si urembo. Ni kufuli la kuzuia mtu asichomeke umeme usiohusika. Kipande kikigoma, kimesema kweli. Anayelazimisha anaweza kuvunja mdomo wa bodi kuu, na hapo hasara si ya kumbukumbu tena.

Sasa, EliteDesk 800 G1 ni ya DDR3, na G2 ni ya DDR4. Tofauti yote ya jina ni ile tarakimu ya mwisho. Muuzaji simlaumu sana: aliulizwa giga, akauza giga. Stakabadhi ilikuwa na maneno tunayoyajua sote, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, soma namba kamili ya modeli iliyobandikwa kwenye kasha, kisha tafuta kitabu cha maelezo cha modeli hiyo kwenye tovuti ya kiwanda. Humo utakuta kizazi cha kumbukumbu, idadi ya nafasi, na kiwango cha juu kinachokubalika. Hicho cha mwisho watu hukisahau. Dell OptiPlex 3020, kwa mfano, ina nafasi mbili na kikomo chake ni giga 16, yaani 8 kila nafasi. Ukiipelekea kipande kimoja cha giga 16, usitegemee kitasomeka. Tena kama Windows uliyo nayo ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya giga 4 hata ukijaza nafasi zote.

Wenye kompyuta ndogo za mezani, zile zinazolingana na kitabu kinene, wajue kwamba nyingi hutumia vipande vifupi kama vya kompyuta za mapakato.

Halafu kuna mtego wa bei rahisi. Vipande vilivyotolewa kwenye seva kuukuu huuzwa kwa bei ya kutupa, na vya kizazi kimoja huingia vizuri kabisa kwenye nafasi, lakini kompyuta ya kawaida haiwaki. Soma lebo. Ikiandikwa PC3-12800U, herufi U ni ya kompyuta za mezani. Ikiishia na R, hiyo ni ya seva. Iache hapo hapo mezani kwa muuzaji.

Kasi isikusumbue mno. Ukichanganya kipande cha kasi na cha polepole, kwa kawaida vyote vitakwenda kwa mwendo wa kile cha polepole. Njia nyepesi kuliko zote ni kuzima mashine, kuchomoa waya wa umeme, kutoa kipande kilichomo na kwenda nacho dukani. Hata anayekwenda kununua kioo cha taa huchukua taa.

Mpwa wangu alibahatika. Jirani mwenye G2 alikuwa amebakiwa na nafasi moja wazi, akakinunua kile kipande cha DDR4 kwa bei pungufu kidogo. Binti akarudi Kariakoo na kipande chake cha zamani mkononi, akapata cha DDR3 cha giga 8, kikaingia kwa kubonyezwa mara moja. Kodi aliilipa siku tisa baada ya tarehe yake, na mwenye nyumba alimsema sana.