Mwisho wa Dunia katika Simulizi ya Wasonjo na katika Mchezo wa Kompyuta

Makala haya yanabainisha tofauti moja ya kidhana. Katika mchezo wa Fallout 76 (2018), West Virginia inaonyeshwa baada ya vita vya nyuklia, na Mothman, zimwi lililodaiwa kuonekana Point Pleasant mwaka 1966, linazurura katika magofu. Wasonjo (Watemi) wa tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro, nao husimulia mwisho wa dunia. Kwa mujibu wa Robert F. Gray (1963), Khambageu, aliyezaliwa mguuni mwa baba yake, atarejea siku hiyo kuwaokoa watu wake. Katika mchezo ulivyotoka mwanzoni, jamii ilikuwa imetoweka zimwi likabaki; katika simulizi, jamii ndiyo ibakiayo. Hivyo, atakayemwingiza Khambageu mchezoni kama zimwi atakuwa amechukua jina na kuiacha maana.